Waya wa mukuba kwenye mpini wa kisu

Likasi – Kabla ya Shinkolobwe kujulikana kwa uranium, utajiri wa inchi hii ulikuwa mukuba. Basanga waliuchimba na kuuyeyusha. Bayeke, waliotoka Unyamwezi na kukaa Bunkeya chini ya Msiri, walikuwa mafundi wa waya: walipiga fimbo ya mukuba, wakaivuta katika tundu za chuma, tundu ndogo zaidi kila mara. Mukuba ukivutwa sana unakuwa mgumu, mwisho unakatika. Wakaurudisha motoni ulainike. Waya mwembamba, ukizungushwa juu ya nyuzi za mimea, ulitoa bangili ya kupindika bila kuvunjika. Ukizungushwa kwenye mpini wa kisu, ulizuia mti kupasuka.

Familia zilizohamishwa Shinkolobwe mwaka 2004, kama mnacho kisu cha babu cha namna hiyo, msiondoe waya kuuuza kwa kilo. Ndio unaoshika mpini.