Kicheza muziki, Linux, na sauti ya nyanya iliyofungwa ndani ya .ACT

Haipiti miezi miwili kabla mtu hajaniuliza swali lile lile: "Mimi natumia Linux, ninunue kicheza muziki gani?" Jibu fupi ni hili: nunua chochote ambacho ukikichomeka kwenye kompyuta kinaonekana kama flashi. Jibu refu lina miaka zaidi ya 25. Leo nitalieleza lote, kwa sababu familia yetu ilibaki kidogo ipoteze kitu kwa kutolijua.

Mwaka 2007 mjomba wangu alinunua "MP4" hapa Eldoret, kwa mchuuzi wa kando ya barabara. Wengi mnavikumbuka vidude vile: vyembamba, plastiki ya kung'aa, kioo kidogo, na kitufe cha duara kilichoigwa kutoka kwa iPod. Havikuwa na jina la kampuni, au vilikuwa na jina ambalo hulioni tena popote. Boksi lilisema MP4, lakini video ya MPEG-4 havikuweza kuicheza hata kidogo. Ilibidi uigeuze kwanza iwe AMV kwa programu iliyokuja kwenye CD ndogo, na programu hiyo ilikuwa ya Windows tu. Kwa muziki, hata hivyo, vilifanya kazi vizuri sana. Unachomeka, unanakili MP3, unachomoa, unaenda zako.

Pia vilikuwa na kipaza sauti kidogo cha kurekodi. Mjomba alikitumia kumrekodi nyanya, mama yake, akisimulia habari za ukoo wetu: nani alitoka wapi, nani alioa wapi, na nyimbo ambazo wanawake walikuwa wakiimba zamani. Nyanya alifariki mwaka 2011. MP4 yenyewe ilikuwa imeshakufa kabla yake, betri ilifura. Kwa bahati mjomba alikuwa amepitia saiba moja akachomewa faili zote kwenye CD. Mwaka 2018, mimi nikiwa chuoni, aliniletea ile CD.

"We kijana, si unasomea kompyuta? Hebu nifungulie hii."

Ndani kulikuwa na faili 14, zote zikiishia na .ACT. Nikazibofya kwenye Ubuntu. Kimya. Kicheza sauti nilichokuwa nacho kilinitolea mlio wa kukwaruza, kama redio iliyopoteza stesheni. Nikamwambia mjomba anipe wiki moja. Niliona aibu, kwa sababu alishaanza kuniita injinia.

Sasa turudi nyuma kidogo. Vicheza MP3 vya mfukoni vilianza kuuzwa mwaka 1998. Cha kwanza kilitoka Korea Kusini, MPMan ya kampuni ya Saehan, na mwaka huo huo Marekani wakatoa Rio PMP300 ya Diamond. Rio ilikuwa na megabaiti 32, yaani nyimbo kama nane hivi, na ilichomekwa kwenye tundu la printa! Kampuni za rekodi ziliishtaki Diamond mahakamani zikitaka kifaa kizuiwe, na mwaka 1999 mahakama ya rufaa ikazikatalia. Kama zingeshinda, pengine historia hii yote ingekuwa nyingine.

Tundu la printa lilikuwa na shida yake: kila kifaa kilizungumza lugha yake, na kampuni iliandika programu ya Windows peke yake. Mtu wa Linux alilazimika kungoja mwenzake apeleleze lugha hiyo na kuandika programu. Kilichotuokoa ni USB, hasa ule utaratibu wa USB unaokifanya kifaa kijitambulishe kama diski. Kernel ya Linux 2.4, iliyotoka Januari 2001, ilikuwa na driva ya utaratibu huo. Kuanzia hapo haikujalisha nani alitengeneza kifaa. Kama kinajiita diski, Linux inakifungua.

Hii ndiyo sababu vidude vya Kichina visivyo na jina vilielewana na Linux kuliko vifaa vya bei mbaya. Waliovitengeneza hawakuwa na mapenzi na programu huria, walikuwa wanabana matumizi. Vingi vilijengwa juu ya chipu za Actions, kampuni ya Zhuhai, na ndani ya chipu kama ATJ2085 mlikuwa na ubongo wa aina ya Z80, muundo wa mwaka 1976, ukisaidiwa na sehemu nyingine ya kushughulikia sauti. Ubongo kama huo hauna nafasi ya kuendesha mambo makubwa. Kujifanya diski ni rahisi, basi vikajifanya diski.

Wakubwa walichukua njia nyingine. iPod ilipotoka Oktoba 2001 ilikuwa ya Mac tu. Ilionekana kama diski, ndiyo, lakini kunakili wimbo hakukutosha: usipoandikwa kwenye hifadhidata yake iitwayo iTunesDB, iPod haiuoni. Watu wa Linux waliisoma hifadhidata hiyo baiti kwa baiti wakaandika programu zao. Septemba 2007 matoleo mapya yakaja na alama ya uhakiki ndani ya hifadhidata, bila alama sahihi iPod inasema haina wimbo hata mmoja. Siku chache tu baadaye alama ikafumbuliwa. Nikisoma habari za juma lile mpaka leo nacheka mwenyewe.

Microsoft nao walikuwa na MTP. Hapa kifaa hakijiiti diski tena, kinajiita kifaa cha muziki, na kompyuta inaomba faili moja moja. Kiufundi MTP si upuuzi: kifaa kinabaki na mamlaka juu ya mfumo wake wa faili, kwa hiyo ukichomoa waya ghafla hauharibiki kirahisi, na ndiyo maana simu za Android huitumia. Lakini miaka ile ililetwa pamoja na nyimbo zilizofungwa kwa kufuli za kidijitali, chini ya nembo iliyoitwa PlaysForSure mwaka 2004. Mwaka 2006 Microsoft hao hao wakatoa Zune, na Zune haikuweza kucheza nyimbo za PlaysForSure. (Hii sijaitunga, ndivyo ilivyokuwa.) Linux ilipata maktaba ya libmtp, na kazi kubwa humo ilifanywa na Linus Walleij wa Sweden. SanDisk walikuwa waungwana zaidi: kwenye Sansa kulikuwa na menyu ya kuchagua, MTP au MSC, na MSC ndiyo ile diski ya kawaida. Mtu wa Linux alibadilisha hapo mara moja akasahau.

Waya ni nusu ya habari, nusu nyingine ni muundo wa faili. MP3 ilikuwa na hataza, na ndiyo maana Ubuntu ya kwanza, Oktoba 2004, haikucheza MP3 ukishaisakinisha. Ulipaswa kupakua kodeki kutoka intaneti. Sasa fikiria mtu wa Eldoret wakati huo. CD ya Ubuntu angeweza kuagiza akaletewa bure kwa posta, mpango ambao uliendelea hadi 2011. Lakini intaneti ya Kenya ilipitia setilaiti mpaka nyaya za baharini zilipofika Mombasa mwaka 2009. Mfumo wa bure unao, nyimbo unazo, kodeki ya kuziunganisha unailipia kwa dakika pale saiba. Ogg Vorbis ilikamilika mwaka 2002 ili kuondoa kikwazo cha hataza, na ni muundo mzuri, ila tuseme ukweli: nani mjini hapa alikuuzia wimbo wa Ogg? Duka lilikuchomea MP3, matatu ilicheza MP3. Hataza zilikwisha, na Aprili 2017 mpango wa kuuza leseni za MP3 ukafungwa rasmi. Siku hizi hakuna anayekumbuka kwamba ilikuwa shida.

Turudi kwenye CD ya mjomba.

Jambo la kwanza nililofanya ni kulitazama faili kwa hexdump. Linaanza na RIFF halafu WAVE, sawasawa na WAV. Ndiyo maana programu yangu ilijaribu kulicheza na kutoa mikwaruzo: ilidhani ni WAV. Lakini hesabu ilikataa. Faili moja lilikuwa na megabaiti 1.8 hivi, na mjomba alisema siku hiyo nyanya aliongea karibu nusu saa. WAV ya kawaida ya nusu saa, hata ya ubora wa simu, isingeingia hapo. Gawanya: ni kama baiti 1,000 kwa sekunde, yaani biti 8,000. Kasi hiyo ina jina lake, ni G.729, kodeki ya simu iliyopitishwa na ITU mwaka 1996.

Kumbe .ACT ndiyo hiyo: G.729 iliyovishwa koti la WAV. Kuna kichwa cha baiti 512, kisha vipande vya baiti 512. Kila fremu ni baiti 10 na inabeba milisekunde 10 za sauti, kwa hiyo kipande kinabeba fremu 51 na baiti 2 zinabaki bila kazi. Na ndani ya fremu, baiti hazikupangwa kwa mpangilio wa kiwango: zimetanguliwa zile za nafasi moja, kisha zile zilizorukwa. Kwa nini? Sijaona sababu yoyote ya maana, labda ilirahisisha kazi ya chipu.

Nilikuwa tayari nimeanza kuandika programu yangu ya kuzipanga upya, najiona shujaa, nilipogundua kwamba FFmpeg inajua .ACT. Msimbo wake uko wazi, faili linaitwa act.c, na juu yake kuna jina la Vladimir Voroshilov na miaka 2007 na 2008. Yaani mwaka ule ule mjomba anamrekodi nyanya, kuna mtu mwingine alikuwa amekaa na faili za aina hiyo hiyo akizichambua. Mipangilio ya baiti niliyokuwa nikihangaika nayo yote imo humo, pamoja na ukaguzi wa baiti moja kichwani ili ACT isichanganywe na WAV halisi. Na ile AMV ya video? Nayo FFmpeg inaifungua.

Nililofanya mwishoni ni mstari mmoja:

ffmpeg -i 03.ACT 03.wav

Kicheza sauti changu cha kwanza kilikuwa kimelitazama koti la WAV peke yake bila kuangalia ndani. Hivyo tu!

Haya, ununue nini leo? iPod iliacha kutengenezwa mwaka 2022, lakini za zamani bado zinazunguka, na ukiipata ya bei nzuri waweza kuitia Rockbox. Huu ni mfumo huria wa vicheza muziki ulioanzishwa mwaka 2001 na Wasweden waliochoshwa na programu ya Archos yao, akiwemo Daniel Stenberg, yule yule wa curl. Ukishaiweka, hifadhidata ya iTunes haikuhusu tena, unanakili folda tu. Inacheza Ogg na FLAC, na inaweza kukusomea menyu kwa sauti, jambo ambalo wasioona walilipata huko mapema kuliko kwa kampuni nyingi. Tazama kwanza orodha ya modeli zake, maana iPod nyingine hazimo.

Kama huna haja ya makuu, simu ya kabambe yenye nafasi ya memori kadi inatosha kabisa. Toa kadi, ichomeke kwenye kompyuta, nakili. Angalizo ni kadi yenyewe. Wale wa zamani walizoea kuuziwa MP4 inayojitangaza gigabaiti 8 na ndani ni 1, ukijaza nyimbo za mwisho zinafuta za mwanzo. Mchezo huo haujaisha, umehamia kwenye kadi na flashi. Kwenye Linux kuna f3: f3write inajaza kadi yote, f3read inahakiki kilichoandikwa. Nipo radhi kumngojesha muuzaji. Na kadi za zaidi ya gigabaiti 32 huja na mfumo wa exFAT. Huo uliisumbua Linux miaka mingi kwa sababu ya hataza, mpaka Microsoft walipolegeza kamba mwaka 2019 na driva ikaingia kwenye kernel. Kernel ya 2020 kuja mbele haina tatizo. Ukiwa na kompyuta ya zamani sana, nunua kadi ya 32 ulale salama.

Jambo moja zaidi: ukirekodi sauti ya mtu, tazama faili linaishia na nini kabla hujafika nyumbani. Kama ni WAV ya kweli au MP3, sawa. Kama ni herufi usizozijua, ligeuze siku hiyo hiyo na utunze yote mawili, la asili na lililogeuzwa.

Faili zote 14 zilifunguka. Sauti si nzuri. G.729 iliundwa kwa ajili ya mtu anayeongea, ikikutana na wimbo inababaika, kwa hiyo nyanya anapoimba sauti inatetemeka na kukatika, na anapoongea inarudi safi kabisa. Mjomba nilimgeuzia MP3 nikamwekea kwenye kadi ya simu yake ya tochi. Anapenda la tisa. Mwanzoni jogoo anawika, kisha mjomba mwenyewe anasikika, karibu mno na kipaza sauti, akimwambia nyanya asianze bado, anaangalia kama kinarekodi. Nyanya anamjibu kwamba yeye ameshaanza.