Beni, Tarumbeta na Tuhuma ya Uigaji: Kutoka Lamu hadi Kangemi

Wanaoandika juu ya fasihi simulizi ya Kenya wamezoea kuanzia kijijini, kando ya moto, kinywani mwa ajuza. Makala hii inaanzia kwenye tarumbeta la shaba lililoundwa Ulaya. Tunakusudia kuonyesha kwamba bendi ya kupuliza, ambayo Waswahili waliiita beni baada ya kulichukua neno la Kiingereza na kulitohoa, ina haki ya kuhesabiwa miongoni mwa tanzu zetu, na kwamba tuhuma ya uigaji iliyoinyima haki hiyo haina mashiko.

Tuhuma hiyo hudhani kwamba pwani haikujua kupuliza ala kwa ajili ya fahari kabla ya kuja kwa Mzungu. Siwa yatosha kuwa jibu. Siwa ya shaba ya Lamu na ile ya pembe ya ndovu ya Pate zilikwishakuwa alama za mamlaka na za arusi za waungwana karne nyingi kabla ya ukoloni, na si kila mtu aliyeruhusiwa kupulizisha siwa katika shughuli yake. Zumari nayo ilikuwa na ngoma zake. Katika karne ya 19 Sultani Barghash wa Unguja (1870–1888) alikuwa na bendi ya kasri iliyopigwa na Wagoa. Kwa hiyo shaba ya Ulaya ilipofika mikononi mwa vijana wa mitaani ilikuta nafasi iliyokwisha kuchongwa. Kilichokuwa kipya ni kwamba sasa asiye muungwana naye aliweza kupulizwa.

Terence Ranger, katika kitabu chake cha 1975 juu ya ngoma na jamii ya Afrika Mashariki, anaonyesha kwamba beni ilizuka pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19. Mombasa ikawa na Kingi na Scotchi. Dar es Salaam ikawa na Marini ya watu wenye hadhi na Arinoti ya wanyonge na watu wa bara. Kila kundi lilikuwa na vyeo vyake, kuanzia mfalme na jenerali hadi daktari. Mashindano hayakuwa ya muziki peke yake. Kundi lilichinja, likalisha mtaa mzima, kisha likamtungia mpinzani beti za kumwaibisha kwa kushindwa kurudisha karamu. Wanawake wa Mombasa nao walishindana vivyo hivyo kwa lelemama, wakiwa na vyeo vyao, jambo ambalo Margaret Strobel amelieleza kwa kina (1979). Mhakiki wa ushairi wa Kiswahili hawezi kukosa kutambua hapa majibizano ya washairi wa kale: fumbo, kijembe, na wajibu wa kujibu.

Vita vya 1914–1918 viliitoa beni pwani. Askari na wapagazi waliibeba hadi Kongo na Nyasaland, na pale shaba ilipokosekana walipuliza vibuyu, ndiyo asili ya malipenga ya Malawi. Mwaka 1919 maofisa wa Kiingereza walianza kuichunguza, wakitiwa hofu na vyeo vile na mawasiliano baina ya matawi. Baada ya mgomo wa wachimba shaba wa Rhodesia ya Kaskazini mwaka 1935, ambapo Waafrika sita waliuawa Luanshya, vyama vya mbeni vilitajwa mbele ya tume ya uchunguzi. Ni vigumu kuamini kwamba serikali ingejisumbua kiasi hicho kwa sababu ya uigaji mtupu!

Nairobi yenyewe imehifadhi kumbukumbu ya wapagazi hao katika jina la Kariakor. Lakini njia ya tarumbeta kuelekea magharibi mwa jiji ilikuwa nyingine. Jeshi la Wokovu lilianza kazi nchini mwaka 1921 na kupata wafuasi wengi Magharibi mwa Kenya. Huko huko Zakayo Kivuli alianzisha kanisa la African Israel Nineveh mwaka 1942, pamoja na maandamano yake ya kanzu, bendera na ngoma. Wahamiaji kutoka Magharibi ndio waliojaa Kangemi, katika ardhi iliyokuwa ya Wakikuyu wa Kabete. Wakikuyu hao nao walikuwa na mwomboko, dansi iliyokwishaigeuza kodiani kuwa ala yao. Katika mtaa kama huo, kumuuliza mwimbaji ni kipi kilicho asilia ni kumuuliza swali lisilomhusu.

Waraka wa Ngũgĩ wa Thiong'o, Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong wa 1968 uliiweka fasihi simulizi katikati ya masomo yetu, na hilo tunawashukuru. Hata hivyo, kwa maoni yetu, ukusanyaji uliofuata ulipendelea kilichozeeka kuliko kilichokuwa kikitungwa dirishani. Mwanafunzi wa bewa la Upper Kabete hahitaji nauli ya kwenda uwandani: Kangemi ni mwendo wa miguu. Aanze na Jumapili moja, na akitega kinasa sauti chake asikielekeze kwenye ngoma na shaba tu, bali kwenye maneno yanayoimbwa kati ya mdundo na mdundo, nani anayatunga, na nani mtaani anatarajiwa kuyajibu.