Uzito wa Konde na Ufundi wa Bondia: Kuwapima Upya Mabingwa wa Uzito wa Juu

Kwenye vijiwe vya kahawa vya Korogwe, na kwenye mabaraza ya Handeni, wapenzi wa masumbwi wana ubishi usiozeeka: katika mabingwa wa uzito wa juu waliopita, nani alikuwa na konde zito kuliko wote? Kijana humtaja Mike Tyson. Mtu wa makamo humtaja George Foreman, na wazee humleta Joe Louis. Kila mmoja huja na hesabu yake ya KO, na hapo ndipo mjadala hukwama. Makala haya yanadai kwamba idadi ya KO haitoshi kupima nguvu, kwa sababu konde zito ni zao la ufundi. Mabondia walinganishwe kwa mambo matatu: konde lilifikaje, lilimfikia nani, na katika raundi ya ngapi.

Sayansi inaunga mkono dai hilo. Mwaka 1985 jarida la British Medical Journal lilichapisha vipimo vya konde la Frank Bruno, bondia wa uzito wa juu wa Uingereza. Ngumi yake ilikwenda kwa kasi ya mita 8.9 kwa sekunde na kugonga kwa nguvu ya nyutoni 4,096. Mkulima wa mahindi wa Handeni ataielewa nguvu hiyo akiambiwa kwamba inalingana na uzito wa magunia manne ya kilo mia mia, yote yakikutana mahali padogo kama ngumi ya mtu, kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho.

Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2000, uliwapima mabondia wa viwango vitatu kwa konde la mkono wa nyuma. Wa kiwango cha juu walifikisha wastani wa nyutoni 4,800, wa kati 3,722, na wanagenzi 2,381. Wataalamu wa Kisovieti walikuwa wamekwishaeleza siri ya tofauti ya aina hiyo mwaka 1985: kwa bondia aliyebobea, miguu huchangia takriban asilimia 38 ya nguvu ya konde, lakini kwa mwanafunzi huchangia takriban asilimia 17 tu. Mwanafunzi hupiga kwa mkono, bingwa hupiga kwa mwili mzima kuanzia unyayo. Aliyewahi kupasua gogo kwa shoka anaujua ukweli huu mwilini mwake. Anayetegemea mabega huchoka mapema na gogo bado zima. Anayekaza miguu na kuzungusha kiuno huzipata kuni zake kwa mapigo machache.

Sasa zitazamwe rekodi mbili zinazofanana kwa namna ya ajabu. George Foreman alipopanda ulingoni Kinshasa kumkabili Muhammad Ali alfajiri ya tarehe 30 Oktoba 1974, alikuwa ameshinda mapambano yote 40, 37 kwa KO. Deontay Wilder alipokutana na Tyson Fury mjini Los Angeles tarehe 1 Desemba 2018, naye alikuwa na ushindi 40 bila kupoteza, 39 kwa KO. Kwa hesabu ya kijiweni, Wilder ana konde zito zaidi. Lakini Foreman alikuwa amemwangusha Joe Frazier mara sita ndani ya raundi mbili mjini Kingston, Januari 1973, na kummaliza Ken Norton katika raundi ya pili mjini Caracas, Machi 1974. Frazier na Norton ndio watu wawili pekee waliokuwa wamemshinda Ali hadi wakati huo. Sehemu kubwa ya KO za Wilder zilitokana na wapinzani wa daraja la chini kuliko hao. Kuwaweka katika safu moja ya hesabu ni kuchanganya mizani.

Hata hivyo, rekodi zote mbili zilikutana na ukuta mmoja. Kinshasa, Ali alijiegemeza kwenye kamba, akaziba uso kwa mikono, akamwacha Foreman arushe makonde hadi mabega yakalegea. Katika raundi ya nane Ali alimwangusha kwa mfululizo wa makonde ya haraka. Wilder alimwangusha Fury mara mbili na pambano likaisha kwa sare. Waliporudiana Februari 2020, Fury alimkaba, akamsukuma nyuma na kumshinda katika raundi ya saba. Wote wawili walikuwa na nguvu ya kutosha. Kilichowakwamisha ni njia ya kulifikisha konde kwa mtu anayejua kujilinda, na pumzi ya kulirudia.

Foreman mwenyewe ndiye shahidi bora. Tarehe 5 Novemba 1994, akiwa na umri wa miaka 45, alikuwa nyuma kwa pointi kwa majaji wote watatu dhidi ya Michael Moorer. Kasi ya ujana ilikwisha kuondoka. Lakini safari hii alitunza pumzi, akamsogeza mpinzani taratibu kwa mkono wa kushoto, na katika raundi ya kumi konde fupi la kulia likaurudisha mkanda wa ubingwa.

Wapo watakaosema kwamba ukubwa wa mwili ndio msingi wa yote. Hoja hiyo ina uzito, lakini ina mipaka. Rocky Marciano, aliyestaafu na ushindi 49 bila kupoteza, 43 kwa KO, alikuwa na kilo zipatazo 84 tu alipomzimisha Jersey Joe Walcott katika raundi ya 13, Septemba 1952. Leo angepangwa chini ya uzito wa juu. Fury wa mwaka 2020 alikuwa na takriban kilo 124. Kumshindanisha Marciano na Fury ana kwa ana ni kubishania kilo. Kilicho haki ni kuuliza nani alilitumia vizuri zaidi umbo alilopewa, na dhidi ya wapinzani wa zama zake.

Kwa kipimo hicho, anayesimama mbele ni Joe Louis. Aliutetea ubingwa mara 25 kati ya 1937 na 1949, na alimaliza na ushindi 66, 52 kwa KO. Mwaka 1936 Max Schmeling alimzimisha katika raundi ya 12, baada ya kugundua kwamba Louis huushusha mkono wa kushoto kila anapourudisha. Louis alijifunza. Tarehe 22 Juni 1938 alimmaliza Schmeling kwa dakika mbili na sekunde nne. Makonde yake yalikuwa mafupi, yenye kufuatana, na miguu yake ilikuwa mahali pake kabla mkono haujaondoka.

Hukumu hii inawezekana kwa sababu mapambano hayo yalipigwa picha za filamu. Hapa kwetu hali ni tofauti. Mwaka 1974 Tanzania Bara haikuwa na televisheni. Habari za Kinshasa zilifika Korogwe na Handeni kwa redio na magazeti. Mwaka 1970, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, Benson Masanda wa Uganda alitwaa dhahabu ya uzito wa juu na Titus Simba wa Tanzania akapata fedha ya uzito wa kati. Medali zao zinajulikana. Namna walivyolirusha konde imebaki zaidi kwenye kumbukumbu za waliowaona. Kinyume chake, ushindi wa Hassan Mwakinyo wa Tanga dhidi ya Sam Eggington mjini Birmingham, Septemba 2018, unaweza kutazamwa tena leo na kuchambuliwa: miguu, kiuno, na pengo alilolitumia katika raundi ya pili.

Kwa hiyo klabu za ngumi na maofisa michezo wa Handeni na Korogwe wana kazi mbili zilizo ndani ya uwezo wao. Makocha waanze na miguu na kiuno kabla ya kumpa kijana mfuko mzito wa kupiga. Na kila pambano, hata la viwanja vya shule, liandikwe na kurekodiwa kwa simu: uzito wa mabondia, jina la mpinzani, raundi, na konde lililomaliza kazi. Wakifanya hivyo, wabishi wa kijiweni watapata ushahidi wa nyumbani wa kubishania.