Mwovu Asiye na Sababu: Kutungwa Upya kwa Katuni za Krismasi za Marekani katika Filamu za Waigizaji

Utangulizi

Kuhamishwa kwa hadithi kutoka umbo moja hadi jingine ni jambo lililozoeleka katika historia ya fasihi. Masimulizi ya mdomo yameandikwa, yaliyoandikwa yameigizwa, na yaliyoigizwa yamepigwa filamu. Kila uhamisho wa namna hii huibua swali lile lile: chombo kinapobadilika, ni kitu gani cha hadithi hubadilika pamoja nacho? Makala haya yanalichunguza swali hilo kwa kuzingatia katuni fupi za Krismasi zilizotengenezewa televisheni ya Marekani katika miaka ya 1960 na 1970, pamoja na filamu za waigizaji zilizotungwa baadaye kutokana nazo. Mfano mkuu ni How the Grinch Stole Christmas!, katuni ya 1966 ambayo hadithi yake ilirudi katika filamu ya waigizaji mwaka 2000. The Year Without a Santa Claus, ya 1974 na ya 2006, itatumiwa kwa kulinganisha.

Lawama ya kwanza inayoelekea kutolewa dhidi ya filamu hizi ni kwamba biashara iliivamia hadithi iliyokuwa safi. Historia haiungi mkono lawama hiyo. Inadaiwa hapa kwamba kilichopotea ni uhuru wa hadithi kumleta mwovu mbele ya hadhira bila kueleza uovu wake ulitoka wapi.

Usuli wa Katuni za Sikukuu

Chimbuko la utanzu huu limo dukani. Hadithi ya Rudolph, kulungu mwenye pua nyekundu, iliandikwa na Robert L. May mwaka 1939 kwa ajili ya kampuni ya maduka ya Montgomery Ward, ili wateja wagawiwe kijitabu wakati wa Krismasi. Wimbo wa Johnny Marks uliienea nchi mwaka 1949. Tarehe 6 Desemba 1964, kituo cha NBC kikaonyesha kipindi cha Rudolph kilichotengenezwa na kampuni ya Rankin/Bass kwa vikaragosi vilivyopigwa picha nchini Japani chini ya uongozi wa Tadahito Mochinaga. Mdhamini wake alikuwa General Electric. Mwaka uliofuata, A Charlie Brown Christmas, katuni inayosikitikia jinsi Krismasi ilivyogeuzwa kuwa biashara, ilidhaminiwa na Coca-Cola. Grinch alifuata katika kituo cha CBS tarehe 18 Desemba 1966. Ni dhahiri basi kwamba mfanyabiashara hakuingia utanzu huu kwa mlango wa nyuma. Yeye alikuwa miongoni mwa waliojenga nyumba.

Kilichozipa katuni hizi hadhi yake ya pekee kilikuwa desturi ya kuonyeshwa. Kaseti za video hazikuwa zimeingia majumbani, na kila katuni ilionyeshwa, kwa kawaida, mara moja kwa mwaka. Mtoto aliyeikosa alingoja Desemba nyingine. Hadhira ilikuja ikiujua mwisho, na raha yake ilikuwa kuusikia tena mwisho huo wakati uliopangwa. Kwa upande huu katuni hizi zilikaribiana na ngano kuliko riwaya: zilikuwa na msimu wake, hadhira yake, na sauti inayosimulia. Aidha, zilikuwa fupi. Muda mfupi wa televisheni, pamoja na matangazo yake, haukuacha nafasi ya wasifu wa mhusika.

Msimulizi na Siri ya Uovu

Katuni ya Grinch yenyewe ilikuwa utunzi wa pili. Dr. Seuss, yaani Theodor Geisel, alikitoa kitabu chake mwaka 1957 kwa michoro ya nyeusi, nyeupe na nyekundu. Rangi ya kijani ambayo leo haitenganishwi na Grinch ililetwa na mwongozaji Chuck Jones miaka 9 baadaye. Hata hivyo, Jones alikihifadhi kiungo muhimu kuliko rangi, nacho ni msimulizi. Boris Karloff, mwigizaji aliyejulikana kwa filamu za kutisha, alipewa sauti ya msimulizi na ya Grinch pia, hivi kwamba anayesimulia uovu na anayeutenda wanatoka koo moja.

Masimulizi ni mepesi. Grinch anaishi mlimani juu ya kijiji cha Whoville na anaichukia Krismasi. Usiku anajivika mavazi ya Santa Claus, anaiba zawadi, vyakula na miti ya sikukuu, kisha anangoja kilio cha wanakijiji. Badala ya kilio anasikia wimbo. Moyo wake unakua, naye anavirudisha alivyoiba.

Kuhusu sababu ya chuki yake, msimulizi anaitaka hadhira isiulize. Anakisia tu: huenda ni kichwa chake, huenda ni viatu vinavyombana, na yamkini ni moyo uliopungua ukubwa. Makisio haya ni mzaha, lakini mzaha huo una kazi. Katika ngano za Waswahili zimwi huingia bila nasaba, na hadhira haimwulizi fanani lilizaliwa wapi wala lilikosewa na nani. Uovu upo, nao unatosha kuanzisha safari. Grinch wa 1966 ni wa ukoo huo. Kwa kuwa uovu wake haukupewa sababu, hata kubadilika kwake hakudai hesabu. Hakuna anayelipwa fidia wala anayeombwa radhi kwa ya zamani. Wema wa wanakijiji, ambao haukumlenga yeye wala kumtarajia, unamfikia mlimani kama zawadi asiyoistahili.

Filamu ya Mwaka 2000

Geisel alikuwa ameionja filamu ya waigizaji mapema. The 5,000 Fingers of Dr. T., aliyoiandika na kutolewa mwaka 1953, ilishindwa sokoni. Alifariki mwaka 1991, na ni mjane wake, Audrey Geisel, aliyeidhinisha filamu ya Grinch iliyoongozwa na Ron Howard, Jim Carrey akiwa mhusika mkuu. Wakati huo mazingira yalikuwa yamebadilika. Kaseti ziliiwezesha kila familia kuimiliki katuni na kuitazama hata mwezi wa Juni, na kungoja kukawa kumekwisha. Filamu ya sinema isingeweza kuwapa watazamaji yale yale waliyokuwa nayo rafuni. Ilibidi iwape kingine, na kwa zaidi ya dakika 100.

Kingine hicho kilikuwa sababu. Filamu inampa Grinch utoto. Anaonekana shuleni akichekwa na wenzake, akiongozwa kwa dhihaka na mvulana ambaye baadaye anakuwa meya, naye anakimbilia mlimani kwa aibu. Wanakijiji nao wanasawiriwa upya: wamezama katika kununua na kushindana kwa mapambo. Cindy Lou, aliyekuwa kitoto cha swali moja tu katika kitabu, anakuwa msichana mpelelezi anayewahoji watu kuhusu maisha ya Grinch. Msimulizi, kwa sauti ya Anthony Hopkins, amebaki, lakini kazi yake kuu amenyang'anywa na mtoto huyu. Msimulizi wa kwanza alikataza swali. Cindy Lou anaishi kwa kuliuliza.

Haifai kuubeza uamuzi huu. Filamu inasema jambo ambalo katuni haikulisema, kwamba jamii huweza kumtengeneza adui wake kwa mikono yake kisha ikamshangaa. Hilo ni dai zito la kimaadili. Tatizo limo katika mwisho, ambao filamu iliukopa katuni bila kuubadilisha vya kutosha. Katika katuni, wanakijiji wanaimba kwa sababu furaha yao haikuwa ndani ya vifurushi. Hawana jipya la kujifunza, na uthabiti wao ndio unaomshinda mwizi. Katika filamu, watu wale wale waliovipigania vifurushi usiku lazima wageuzwe kwanza kwa maneno ya baba yake Cindy Lou, ndipo waimbe. Wimbo uliokuwa chanzo cha toba ya Grinch unakuwa wenyewe zao la toba nyingine ya haraka. Mkosaji na waliokosewa wanaongoka pamoja, na haibaki sauti iliyokuwa njema tangu mwanzo.

Mwili wa mwigizaji unauongezea uzito mwelekeo huu. Katika mchoro, moyo unakua hadi kuvunja fremu inayoupima, na hadhira inacheka huku ikisadiki. Carrey anagaagaa thelujini kwa maumivu, na ishara imekuwa ugonjwa. Ustadi wa vipodozi ulistahili Tuzo ya Oscar waliyopewa Rick Baker na Gail Ryan, na mapato yalipita dola milioni 340 duniani. Lakini uso wa binadamu, hata chini ya manyoya, hudai huruma na historia ambazo mstari wa wino haudai.

Ushahidi wa Kulinganisha

The Year Without a Santa Claus inathibitisha mwelekeo huo kwa kiwango kidogo. Katika kipindi cha vikaragosi cha 1974, Mke wa Santa anasimulia kwa sauti ya Shirley Booth, na mumewe anataka kupumzika kwa sababu ndogo: ana mafua, na anadhani hakuna anayemjali. Ndugu wawili, Heat Miser na Snow Miser, ni joto na baridi vilivyopewa viungo, yaani tashihisi tupu. Filamu ya NBC ya 2006 iliwakabidhi Harvey Fierstein na Michael McKean nafasi hizo, na tashihisi ikawa watu waliovaa mavazi ya ajabu.

Je, kosa ni la waigizaji basi? Ushahidi wa baadaye unaonya dhidi ya jibu hilo. Baada ya The Cat in the Hat ya 2003, Audrey Geisel alikataa filamu zaidi za waigizaji, na filamu za sinema zilizofuata kutokana na vitabu vya mumewe, za 2008, 2012 na 2018, zote zilikuwa katuni. Ile ya 2018 ilimrudisha Grinch kwenye uchoraji, lakini ikampa utoto wa yatima mpweke. Wino ulirudi, siri haikurudi. Kwa hiyo mwili wa mwigizaji uliharakisha mabadiliko, ila mzizi wake ni urefu wa filamu ya sinema, pamoja na imani ya zama hizi kwamba mwovu hawezi kusamehewa kabla hajaelezwa.

Hitimisho

Mhakiki wa matini zilizotungwa upya hana budi kuvuka swali la uaminifu kwa matini ya kwanza, kwani hapa hata ya kwanza ilikuwa ya pili. Swali lenye tija ni lile la kazi ya matini katika kalenda ya hadhira yake. Katuni ya 1966 ilirudi kila mwaka kwa sababu haikumaliza maneno: kila Desemba Grinch alichukia tena bila sababu, na kila Desemba akapokelewa mezani bila kuulizwa. Filamu inayojibu kila swali inaweza kutazamwa kwa faida, lakini imeyafanya mapatano ya Grinch na kijiji kuwa hukumu ya haki iliyofikiwa baada ya ushahidi kusikizwa. Katuni fupi ilikuwa imeyaita sikukuu.