Mbudye: historia inayochezwa na kuimbwa

Mji wetu wa Kalemie ni mji wa watu waliotoka pande nyingi. Tangu reli ya Kabalo ilipofika ziwani mwaka 1915, Waluba wengi walishuka huku, wakakaa pamoja na Watabwa na Waholoholo. Walikuja na desturi nyingi. Moja tunaiona inapotea mbele ya macho yetu: namna ya wazee wa Mbudye ya kufundisha historia.

Mbudye ni chama cha zamani cha Waluba. Kazi yake ilikuwa kulinda kumbukumbu ya ufalme, tena kumkumbusha mfalme mipaka yake. Watu waliingia kwa daraja, na wa daraja ya juu walijifunza kusoma lukasa. Lukasa ni kibao kidogo kinachoenea mkononi, chenye shanga na vipande vya chuma. Msomaji anapitisha kidole: shanga hii ni mfalme fulani, ile ni kijiji, mstari huu ni njia. Hapo anaimba, anacheza, na historia inasimama mbele ya watu. Wazungu wana opera yao. Sisi tulikuwa na hii.

Hadithi kubwa ni ya Nkongolo Mwamba, mfalme mkali. Mbidi Kiluwe, mwindaji mwenye adabu kutoka mashariki, alimwoa Bulanda, dada wa Nkongolo, wakamzaa Kalala Ilunga. Nkongolo alimwonea mpwa wake wivu. Akachimba shimo, akasimamisha mikuki ndani, akafunika kwa mkeka, akamwalika aje kucheza. Lakini ngoma ilimwonya kwa mapigo yake. Kalala akachoma mkeka kwa mkuki, akaona mtego, akakimbilia kwa baba yake. Baadaye alirudi na askari, akatwaa ufalme. Angalieni basi: aliyejua kusikiliza ngoma ndiye aliyepona.

Ni nini kiliharibu? Wakati wa ukoloni, vyama vya namna hii vilitazamwa kwa mashaka, na shuleni watoto walifundishwa wafalme wa Ubelgiji. Halafu vita. Tangu 2016 mapigano kati ya Waluba na Watwa yalifukuza watu wengi vijijini, wazee pamoja na wajukuu, wakaja kulala katika kambi karibu na mji. Kambini nani atamfundisha nani?

Wengine watasema vibao viko salama ng'ambo. Kweli, lukasa moja iko Brooklyn Museum, New York. Lakini kibao hakisemi chenyewe. Wasomaji wawili hawakisomi sawasawa. Kila mmoja anafuata mahali alipo na watu walio mbele yake. Bila mwimbaji, ni mbao na shanga tu.

Kwa hiyo sisi walimu tusingoje serikali. Tuwaite wazee darasani. Wanafunzi waandike maneno kwa Kiluba, halafu kwa Kiswahili, tena wajifunze kuyacheza. Kuandika peke yake haitoshi: historia hii iko pia katika miguu na mikono ya wenye kuijua, na hao wanazeeka.