Sakinisha, lakini wapi?

Kitenzi "sakinisha" kimetokana na "sakini", yaani kukaa mahali kama makazi. Kimeikaa vizuri kompyuta: programu hupewa pa kuishi ndani ya mashine. Fundi wa Kariakoo, hata hivyo, atasema anapiga Windows, na mteja ataelewa papo hapo.

Shida huanza neno hilo linapoachwa peke yake katika mwongozo. Arch Linux, mfumo endeshi ulioanzishwa na Judd Vinet mwaka 2002, una wiki inayohaririwa na watumiaji wenyewe. Zamani ilikuwa na miongozo miwili, mmoja wa wanagenzi, mrefu na wenye subira, mwingine mfupi. Mwaka 2016 ule wa wanagenzi uliondolewa. Sababu inaeleweka, kwani kutunza maandishi mawili yanayosema jambo lilelile ni kazi ya kuchosha. Lakini uliobaki, ukifika kwenye kipakiaji cha kuwashia mfumo, humtaka msomaji achague kimoja, akisakinishe, na maelezo ayafuate ukurasa mwingine.

Mzoefu haoni tatizo. Mwanagenzi anataka kujua: kwenye diski ipi, kwa amri gani, na kioo kitaonyesha nini ikikubali?