Kutwika, Kutua, Kunyoosha: Historia ya Goti katika Mji wa Kalemie

Safari ya mzigo katika Kiswahili ina vitenzi viwili visivyoachana: kutwika, yaani kuupandisha mzigo kichwani au begani, na kutua, yaani kuushusha chini. Historia ya Kalemie, mji ulioko ukingoni mwa Ziwa Tanganyika upande wa magharibi, imeandikwa zaidi kwa kitenzi cha kwanza, kwa kuwa mji huo uliumbwa na bidhaa zilizopita humo, na kwa muda mrefu bidhaa hizo zilipita juu ya miili ya watu. Kati ya vitenzi hivyo viwili kipo kiungo ambacho waandishi wa historia hawakitaji, nacho ni goti, ingawa hakuna mzigo uliopata kutwikwa wala kutuliwa pasipo goti kukunjwa na kukunjuliwa.

Maradhi yanayohusika hapa huitwa kitaalamu osteoathritisi, na matabibu wa Kongo waliosomea kwa Kifaransa huyaita atrozi. Katika goti lenye afya, ncha za mifupa hufunikwa na gegedu, tishu laini na telezi inayoiwezesha mifupa kupishana bila kusagana. Osteoathritisi inapoingia, gegedu hupungua, mfupa ulio chini yake hukomaa na kuota vipembe, ngozi ya ndani ya kiungo huvimba, na misuli ya paja hudhoofika kwa sababu mwenye goti huuepuka mguu unaomuuma. Zamani ilidhaniwa kwamba jambo lote ni kuchakaa tu, kama bawaba ya mlango; siku hizi inafahamika kwamba ni maradhi ya kiungo kizima, ambayo huchochewa na umri, uzito wa mwili, urithi, majeraha ya zamani, na kazi zinazomlazimu mtu kupiga magoti, kuchuchumaa na kunyanyua vitu vizito mwaka hadi mwaka. Kwa hiyo historia ya kazi katika mji ni sehemu ya historia ya magoti ya watu wake.

Kabla ya mji kuwapo palikuwa na njia. Karne ya 19 misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Tabora na kufika Ujiji, kisha ikavuka ziwa kwa mashua hadi Mtowa, karibu na mahali ambapo Mto Lukuga hutoka ziwani kuelekea Lualaba, na kutoka hapo ikaingia Manyema kutafuta pembe za ndovu na watumwa. Lukuga ndio mkondo pekee unaoyatoa maji ya Ziwa Tanganyika, jambo ambalo Mwingereza Verney Lovett Cameron alilitangaza Ulaya baada ya kufika hapo mwaka 1874, lakini wenyeji wa kando yake, Waholoholo na Watabwa, hawakuhitaji kutangaziwa. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa wa frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, mbali na mkeka wake, chungu chake na silaha yake. Kwa Wanyamwezi upagazi ulikuwa kazi ya ujira na ya heshima, na kijana ambaye hajafika pwani alionekana hajakomaa. Magharibi mwa ziwa, kinyume chake, wengi waliobeba walibebeshwa kwa nguvu, nao wakauzwa pamoja na mizigo yao. Goti, hata hivyo, halikupambanua mwungwana na mtumwa. Hata mtu asiye na mzigo, anapotembea mahali tambarare, kila hatua hulitia goti lake kani ya mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili wake, na kani hiyo huongezeka anaposhuka mlima. Mpagazi aliyeteremka kutoka milima ya Marungu hadi ufukweni, huku frasila mbili zikimsukuma kutoka juu, aliyalipia materemko hayo kwa gegedu. Bandu bandu huisha gogo.

Mwaka 1883 Luteni Émile Storms, aliyetumwa na jumuiya iliyoundwa na Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, alijenga kituo huko Mpala, kusini mwa Lukuga, na mwaka 1885 kituo hicho kikakabidhiwa Mapadri Weupe. Mwaka 1891 Kapteni Jules Jacques alianzisha ngome aliyoiita Albertville, na jina hilo ndilo lililokuja kuchukuliwa na mji hadi ulipopewa jina la Kalemie katika miaka ya 1960. Serikali mpya ya Leopold ilidai kwamba imekuja kukomesha biashara ya watumwa, lakini haikukomesha kutwikana: bunduki, shehena na vyuma vya meli bado vilipanda juu ya vichwa vya watu. Vita vya Kwanza vya Dunia vilizidisha jambo hilo. Mwaka 1915 mashua mbili za kivita za Waingereza, Mimi na Toutou, zilifikishwa Lukuga kutoka Cape Town kwa reli, kwa mashine za mvuke zilizozivuta kuvuka milima ya Mitumba, na kwa njia ya mto, kazi iliyowahitaji watu wengi wa kufyeka njia, kujenga madaraja na kukokota kamba. Mwaka uliofuata majeshi ya Kongo ya Ubelgiji yaliingia Afrika Mashariki ya Wajerumani na kuiteka Tabora tarehe 19 Septemba 1916, na wanahistoria hukadiria kwamba wapagazi waliotumikishwa katika vita hivyo upande wa Kongo walizidi 200,000. Vitabu vya vita vinayataja majina ya mashua. Majina ya waliozivuta havina.

Reli kutoka Kabalo, yenye urefu wa kilomita 273, ilifika ziwani mwaka huohuo wa 1915, na kwa kawaida husemwa kwamba reli iliua upagazi. Ni kweli kwamba iliua safari ndefu ya mpagazi, lakini mzigo wenyewe haikuuondoa mwilini. Iliukusanya mahali pamoja. Kazi ambayo zamani ilitawanyika katika mamia ya kilomita sasa ilibanwa katika hatua chache kati ya behewa na meli, hatua ambazo mtu mmoja alizirudia mara nyingi kwa siku, akiinama, akitwikwa gunia, akipanda ubao, akitua, akirudi. Karibu na mji ulichimbwa mgodi wa makaa ya mawe wa Greinerville, ambako kazi ya kuchimba ilimlazimu mtu kuinama na kupiga magoti, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia kiwanda cha nguo cha Filtisaf kiliwaweka mamia ya wafanyakazi kwa miguu mbele ya mashine za kusokota na kufuma. Nje ya makampuni, kazi ya wanawake haikuwa na bwana mkubwa wala karani wa kuiandika: kubeba maji, kuni na mihogo, kutwanga, na kuchuchumaa juu ya mchanga kuanika ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani ambao upande wa Kigoma huitwa dagaa. Mwaka 1986 wanasayansi waliowapima wanawake wa Kiluo na Kikuyu nchini Kenya walionyesha kwamba waliweza kubeba kichwani mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia nguvu zaidi ya zile za kutembea mikono mitupu. Ustadi huo, ambao huenda na kata iliyosokotwa vizuri na shingo isiyotikisika, huokoa pumzi, lakini uzito wenyewe haupotei. Hushuka kupitia uti wa mgongo na nyonga hadi magotini.

Tiba ya makampuni ya Kongo ya Ubelgiji iliutazama mwili kwa jicho la kutwika. Chombo kimoja kinaonyesha jambo hilo kwa uwazi, nacho ni kipimo cha Pignet, kilichobuniwa na daktari wa jeshi la Ufaransa mwaka 1901 na kutumiwa baadaye na waajiri wa Kongo kuchagua vibarua. Hesabu yake ni nyepesi: urefu wa mtu kwa sentimita, toa jumla ya uzito wake kwa kilo na mzingo wa kifua chake kwa sentimita. Mwanamume wa sentimita 165, mwenye kilo 55 na kifua cha sentimita 82, alipata 28. Na kadiri tarakimu ilivyokuwa ndogo, ndivyo alivyohesabiwa kuwa na nguvu. Hesabu hiyo ilisema mtu anafaa kutwikwa nini leo. Haikuuliza kama anaweza kuchuchumaa na kuinuka, wala haikurudi baada ya miaka 20 kuuliza amebaki na nini.

Waliobaki na maumivu waliitafuta tiba kwingine, na lugha yenyewe imehifadhi kumbukumbu ya utafutaji huo. Jina la Kiswahili la maumivu ya viungo, baridi yabisi, limetoka katika tiba ya Kiyunani iliyokuzwa na waganga wa Kiarabu na Kiajemi, akiwamo Ibn Sina, ambao waliamini kwamba mwili huendeshwa na mizani ya joto na baridi, umajimaji na ukavu. Yabisi ni kitu kikavu na kigumu. Kama ugonjwa ni baridi na ukavu, dawa yake ni joto na ulaini, na hapo nadharia ya pwani ilikutana bila ugomvi na desturi za kando ya ziwa: kukanda kwa maji ya moto na majani, kuchua kwa mafuta ya mawese, kuchanja chale ndogo na kupaka dawa ndani yake, na kuumika, yaani kutoa damu kwa pembe iliyobanwa juu ya ngozi. Mapadri Weupe nao walileta tiba yao. Mashuhuri kati ya matabibu wao ni Adrien Atiman, mzaliwa wa Afrika Magharibi aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto, akanunuliwa na wamisionari na kusomeshwa udaktari Malta, ambaye alihudumu Karema, ng'ambo ya ziwa, tangu mwishoni mwa miaka ya 1880 hadi kifo chake mwaka 1956.

Tiba hizo zote, za wenyeji na za wageni, zilikuwa na wazo moja ndani yake: kwamba goti linalouma litulizwe. Hata Ulaya haikuwa mbali na wazo hilo. Ni kweli kwamba Pehr Henrik Ling alikuwa amefungua chuo cha mazoezi ya viungo huko Stockholm mwaka 1813, na kutokana na mkondo wake ilizaliwa fani ambayo wasemaji wa Kifaransa huiita kinezitherapi, yaani tiba kwa njia ya mwendo, ambayo ilienea kwa haraka wakati wa Vita vya Kwanza kwa sababu ya wingi wa askari waliojeruhiwa. Lakini osteoathritisi ilikawia kufaidika. Mwaka 1957 Jonas Kellgren na John Lawrence, Waingereza waliokuwa wamewachunguza wachimbaji wa makaa ya mawe, walichapisha ngazi za kuupima ugonjwa kwa picha ya eksirei, na picha hizo, zikionyesha mifupa iliyosogeleana, ziliwaongezea watu hofu kwamba kila mwendo ni kusaga zaidi. Ni baada ya majaribio makubwa ya miaka ya 1990, likiwamo la Marekani la mwaka 1997 lililowashirikisha watu 439 wenye umri wa miaka 60 na zaidi, ndipo ilipoonekana wazi kwamba wenye maradhi hayo ya magoti waliofanya mazoezi kwa miezi 18 walipungukiwa na maumivu na wakatembea vizuri kuliko waliopewa mafunzo ya afya peke yake.

Sababu yake iko katika maumbile ya gegedu. Gegedu la mtu mzima halina mishipa ya damu. Hulishwa na ute wa kiungo, ambao huingia na kutoka kama maji katika sifongo kila goti linapokandamizwa na kuachiliwa. Goti lisilokunjwa hushinda njaa. Misuli ya nyuma ya paja na ya shavu la mguu, ikikaa muda mrefu katika hali ya kujikunyata, hufupika, na mguu hushindwa kunyooka kabisa, kiasi kwamba kila hatua hulielemea goti lililokunjika. Mazoezi ya kunyoosha hulenga hapo. Mgonjwa huketi kitako juu ya mkeka, huunyoosha mguu mmoja mbele, huzungusha kipande cha kitenge chini ya wayo, kisha huvuta ncha zake mbili polepole hadi anapohisi mkazo nyuma ya paja, si maumivu, na hubaki hapo kwa sekunde 30 bila kurusharusha mguu, akirudia mara chache kwa kila mguu. Kwa shavu la mguu, husimama akiwa ameegemeza viganja ukutani, mguu mmoja nyuma, kisigino kikiwa kimegusa sakafu. Kunyoosha peke yake hakutoshi. Wataalamu hukuambatanisha na kutembea na kuimarisha misuli ya mbele ya paja, ambayo ndiyo inayolishikilia goti, na goti lililovimba ghafla na kuwa la moto hupelekwa kwanza kwa tabibu.

Mazoezi hayo hayahitaji chombo chochote ambacho nyumba ya Kalemie haina, na hata kitambaa cha kuvutia mguu kina historia yake katika mji ambao mashine zake za kufuma zimenyamaza kwa miaka mingi. Kinachohitajika zaidi ni kubadili hesabu. Upagazi, bandari, mgodi na kiwanda vilimfundisha mtu wa Kalemie kwamba mwili una hali mbili, kutwikwa na kutuliwa, kazi na kupumzika, na tiba za zamani zililikubali fundisho hilo kwa kumpa mchovu joto na utulivu. Kunyoosha ni kitenzi cha tatu, ambacho si kazi wala si mapumziko: ni goti kukunjwa na kukunjuliwa, kama lilivyokunjwa na kukunjuliwa njiani tangu Mtowa hadi Manyema, isipokuwa kwamba safari hii hakuna mzigo juu yake.